Geji Ilisema Hewa Nyingi, Plagi Zilisema Mafuta Mengi: Kisa cha Land Rover ya Ilula

Gari lilipoingia karakana yangu hapa Iringa lilikuwa linanuka petroli kabla mwenyewe hajazima injini. Lilikuwa Land Rover Series III, 109, pikapu, yenye injini ya petroli ya silinda nne ya ujazo wa cc 2,286, na bado lina kabureta yake ya asili, Zenith 36 IV. Mwenyewe ni mzee wa Ilula anayelima nyanya na vitunguu, na msimu ukifika gari hilo ndilo linaloshusha matenga yake hadi Dar es Salaam.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Kamwene." Akashuka, akafunga mlango kwa mikono miwili. "Fundi, siku hizi mlima Kitonga napanda kwa gia ya kwanza. Zamani ilikuwa ya pili, na mzigo ni uleule. Na mafuta ninayonunua sasa, nyanya hazilipi."

Akaeleza mengine: moshi mweusi akikanyaga mafuta, gari kutetemeka likiwa limesimama, na kwamba lita moja ilikuwa haimfikishi kilometa nne na nusu. Mafundi wawili walikuwa wameshaigusa kabureta. Mmoja alisafisha, mwingine alimwambia anunue kabureta mpya ya aina nyingine. Mzee hakutaka kununua kabla hajajua ya kwake inaumwa nini, na mimi nilimuunga mkono.

Nimeandika kisa hiki kirefu kwa sababu moja. Nilikuwa na geji ya oksijeni, kifaa ambacho mafundi wengi tunakitamani, na namba ya kwanza iliyonipa ilikuwa inanipeleka njia ya kinyume kabisa. Kama ningeitii, mzee angeondoka na gari bovu zaidi ya alivyolileta.

Kabla ya kuchomelea chochote kwenye ekzosi nilimaliza kazi za kawaida, maana sensa hairekebishi injini iliyochoka. Kompresheni ilikuwa kati ya pauni 125 na 132 kwenye silinda zote nne, na kwa mji ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari hiyo si mbaya. Valvu nilizipima na kuzirekebisha. Pointi za distributa zilikuwa zimebana, nikazirudisha kwenye milimita 0.38. Nikafungua kichujio cha hewa. Land Rover hizi zina kichujio chenye beseni la oili chini, na watu wengi hujaza oili kupita alama wakidhani wanaongeza usafi. Oili ikizidi, hewa inapita kwa shida na injini inavuta mafuta zaidi. Hili la mzee lilikuwa limejaa mpaka juu. Nilimwaga nusu, nikatumaini kwamba ugonjwa umeishia hapo. Haukuishia hapo.

Sasa sensa. Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu kisa chote kimejengwa juu ya kuelewa kifaa hiki kinaona nini.

Sensa ya oksijeni haioni petroli. Inaona oksijeni iliyobaki kwenye moshi, basi. Kampuni ya Bosch ndiyo iliyoiingiza kwenye magari mwaka 1976, ikianza na Volvo za soko la Marekani, na kazi yake ilikuwa kuisaidia kompyuta ya injini kushika uwiano ambao kisafisha moshi kinautaka: sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli, kwa uzito. Ndani yake mna kauri ya zirkonia. Ikipata moto wa kutosha, nyuzi 300 na kuendelea, upande mmoja ukiwa kwenye moshi na wa pili kwenye hewa ya nje, inazalisha umeme kulingana na tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo mbili. Mafuta yakizidi, unasoma kama volti 0.9. Hewa ikizidi, kama 0.1. Katikati inaruka ghafla.

Hiyo ni sensa ya kawaida, ile ya waya nne unayoitoa kwenye Toyota iliyokatwa vipuri. Ukiipata ya Denso, waya mbili nyeusi ni za hita, bluu ni ya ishara, nyeupe ni ya hasi. Unaweza kuifunga na kuisoma kwa mita ya umeme ya kawaida, na kwa fundi asiye na fedha ni bora kuliko kubahatisha. Lakini inakuambia upande tu: umezidisha mafuta, au umezidisha hewa. Umbali uliozidisha haikuambii. Injini ya kabureta haitaki kukaa pale katikati. Inataka 13 na ushee ikisimama, 12 na ushee ikibeba mzigo, na kwenye eneo hilo lote sensa ya kawaida inakaa juu kule kwenye 0.8 na kitu, na hata hiyo hubadilika na joto la sensa yenyewe.

Niliyotumia mimi ni ile ya masafa mapana, waya tano. Ndani yake kuna chumba kidogo ambacho moshi unaingia, na pampu ya umeme inayoingiza au kutoa oksijeni mpaka chumba hicho kifike kwenye uwiano kamili. Umeme uliotumika kusukuma ndio kipimo. Kwa hiyo geji inakupa namba, yaani sehemu ngapi za hewa kwa moja ya petroli: 11.2, 13.4, 15.8. Namba ikiwa kubwa, hewa ni nyingi; ikiwa ndogo, mafuta ni mengi. Sensa hizi hupashwa hadi nyuzi 780 hivi, na ndiyo sababu haifai kuiacha imefungwa kwenye ekzosi bila umeme, maana masizi yanaiziba. Wala haifai kuipasha moto wote kabla injini haijawaka, kwani tone la maji lililolala kwenye bomba likiigusa kauri, kauri inapasuka.

Wazee wa karakana wanaokumbuka kwamba sensa hizi zilikuwa zinakufa upesi huku kwetu, wanakumbuka vizuri. Petroli yenye madini ya risasi ilikuwa inaziua. Kwenye mkutano wa Dakar mwaka 2001 nchi za Kusini mwa Sahara zilikubaliana kuiacha, na mwaka 2006 ulipoanza ilikuwa imeondoka kwenye vituo. Kilichobaki cha kuogopa ni gundi ya silikoni. Gasketi ikifungwa kwa silikoni isiyofaa, mvuke wake unaifunika sensa na inakufa taratibu huku ikiendelea kukupa namba. Injini ikiwa inachoma oili, nayo inaichafua.

Nilichomelea nati ya uzi wa milimita 18 kwenye bomba, baada ya mahali ambapo matundu yote manne yameungana, nusu mita hivi chini yake. Niliielekeza juu kwa pembe ili maji yasikae kwenye ncha. Nikawasha.

Geji ikawa inayumba kati ya 15.5 na 18, wastani kama 16.8. Hewa nyingi mno.

Kijana ninayemfundisha kazi alifurahi. "Fundi, si unaona? Inakosa mafuta. Ndiyo maana inatetemeka. Tuongeze jeti."

Alimaanisha tuweke jeti kubwa zaidi, kile kijitundu kinachopima petroli ndani ya kabureta. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Injini yenye hewa nyingi hutetemeka kweli. Na geji ilikuwa mpya, ya bei kubwa, inang'aa namba nyekundu mbele yetu. Lakini macho yangu yalikuwa yanawasha kwa moshi, na plagi nilizozitoa nusu saa kabla zilikuwa zimelala kwenye meza, nyeusi, kavu, masizi unaweza kuandika nayo. Injini inayokosa mafuta haitoi plagi za hivyo. Kwa hiyo kulikuwa na mashahidi watatu, na mmoja anapingana na wawili. Nilimwambia kijana tusiguse jeti mpaka tujue geji imeona oksijeni ya wapi.

Hilo ndilo swali ambalo ningetaka kila anayenunua geji hizi ajiulize kwanza. Oksijeni inayofika kwenye sensa ina njia tatu. Inaweza kuwa kweli imebaki baada ya kuungua, kwa sababu hewa ilikuwa nyingi kuliko mafuta. Inaweza kuwa imepita silinda nzima bila kuungua, kwa sababu silinda ilimisi: petroli yake na hewa yake vimetoka vilevile vilivyoingia, na sensa, isiyoona petroli, inaona hewa tupu. Au inaweza kuwa haikupita kwenye injini hata kidogo, imefyonzwa kutoka nje kupitia tundu kwenye ekzosi. Watu wengi wanadhani ekzosi inatoa tu. Katikati ya mapigo, hasa mzunguko ukiwa chini, kuna nafasi ambapo mkandamizo ndani ya bomba unashuka chini ya ule wa nje, na tundu dogo linavuta hewa.

Jaribio la kwanza lilikuwa rahisi. Nilipandisha mzunguko hadi 2,500 na kuushikilia. Namba ikashuka mpaka 12.0 na kutulia. Gari linalokosa mafuta kwa kiasi cha 17 likiwa limesimama, halafu likawa na mafuta mengi ukilipandisha, linawezekana, lakini tundu kwenye ekzosi lina tabia hiyohiyo: moshi ukiwa mwingi, hewa inayofyonzwa inakuwa kidogo kwa uwiano.

Jaribio la pili ndilo lililoamua. Nilirudisha mzunguko chini, nikavuta choki kidogo. Choki inaongeza mafuta. Kama injini ilikuwa kweli ina hewa nyingi, ingepona, ingepanda mzunguko na kutulia. Badala yake ilizidi kutetemeka, ikataka kuzima, na geji ikapanda hadi 18 na zaidi. Nimeongeza mafuta na geji inasema hewa imeongezeka! Hakuna njia ya kueleza hilo isipokuwa kumisi: mafuta yamezidi mpaka silinda haziungui, na kila silinda isiyoungua inapeleka oksijeni yake yote kwa sensa.

Kijana aliitazama geji kwa muda, kisha akairudisha choki mwenyewe.

Tukachomoa waya za plagi moja baada ya nyingine. Ya kwanza, injini ikadhoofika. Ya pili vilevile. Ya tatu, hakuna kilichobadilika. Silinda hiyo ilikuwa abiria. Plagi yake ilikuwa imeoga masizi mpaka umeme unatambaa juu ya kauri badala ya kuruka. Halafu kijana akaziba mwisho wa ekzosi kwa tambara lililoloweshwa, mimi nikiwa juu na chupa ya maji ya sabuni. Karibu na silinda ya nne, kwenye gasketi ya manifoldi, mapovu yakatoka kama uji unaochemka.

Kwenye injini hii manifoldi ya kuingiza na ile ya moshi zimefungwa pamoja kwa nati nne, na zote mbili zinakaa kwenye gasketi moja upande mmoja wa kichwa. Ukizifunga kwenye kichwa wakati zile nati nne zimekazwa, nyuso haziwezi kujipanga, na gasketi itabanwa upande na kuachwa upande. Naamini hilo ndilo lililofanywa na fundi aliyetangulia. Nililegeza nne hizo, nikaweka gasketi mpya, nikakaza manifoldi kwenye kichwa kidogokidogo kutoka katikati kwenda pembeni, kisha mwisho nikakaza zile nne. Plagi mpya zote nne. Tukawasha.

10.9.

Hapo geji ilianza kusema kweli, na ukweli ulikuwa ni kile pua yangu ilichosema tangu asubuhi. Kama tungeongeza jeti pale mwanzo tungepeleka petroli mbichi kwenye oili, tukaosha kuta za silinda, na mzee angerudi baada ya mwezi na injini ya kufunguliwa.

Sasa swali likawa la kabureta yenyewe: mafuta haya yanaingilia wapi? Nilifunga skrubu ya mchanganyiko polepole mpaka mwisho. Kwenye kabureta nzima, ukiifunga kabisa injini inakufa, kwa sababu umeikatia mafuta ya mzunguko wa chini. Hii haikufa. Ilinguruma vilevile, 11.1. Skrubu ilikuwa haiongozi kitu. Petroli ilikuwa inapita mlango mwingine.

Wanaozijua Zenith hizi watakuwa wameshatabasamu, maana ugonjwa huu ni wake tangu ujana. Ndani ya bakuli la petroli kuna kibloku ambacho jeti zimefungwa, na njia zake zinakutana na sehemu ya juu ya kabureta kwenye uso bapa, pakiwa na oringi ndogo ya kuziba. Miaka ya joto la manifoldi, na mafundi wanaokaza skrubu kwa nguvu zote, vinaupinda uso huo. Oringi ikikauka au uso ukipinda, petroli inavutwa moja kwa moja hadi kooni bila kupitia kipimo chochote. Unaweza kubadilisha jeti mpaka kesho.

Niliweka msasa laini juu ya kipande cha kioo cha dirisha, nikausugua uso wa kibloku juu yake kwa duara, bila haraka. Alama nilizochora kwa kalamu pembeni zilikaa bila kuguswa kwa dakika kadhaa, na katikati ndipo palipoisha kwanza. Hivyo ndivyo unavyoona kwamba kilikuwa kimepinda. Niliposugua mpaka alama zote zikaondoka kwa pamoja, nikaweka oringi mpya inayohimili petroli. Nikakagua pia kiwambo cha mpira cha pembeni, kile ambacho mvuto wa injini unakishikilia wakati wa mwendo wa kawaida ili kubana mafuta, na kukiachia ukikanyaga sana ili mafuta yaongezeke. Kikitoboka, kabureta inabaki kwenye hali ya kupanda mlima saa zote. Hiki kilikuwa kizima, lakini kigumu kama kadi, nikakibadilisha. Boya lilikuwa sawa. Jeti kuu ilikuwa imeandikwa 125, na shina la keekee ya milimita 1.25 liliingia bila kucheza. Nilishukuru, kwa sababu mara nyingi mafundi wamezichokoa kwa waya wa chuma na namba iliyoandikwa haina maana tena.

Skrubu sasa ikawa inatii. Niliisogeza robo mzunguko kwa robo mzunguko, nikaiacha pale injini ilipozunguka vizuri kuliko kote: 13.3, mizunguko 700, kimya. Niliweka sarafu ya shilingi mia mbili wima juu ya kifuniko cha valvu na haikuanguka. Mzee alicheka kwa sauti.

Hapa nitapingana na vijana wengi ninaowasikia. Wamesoma kwamba 14.7 ni uwiano kamili, basi wanataka kabureta ikae 14.7 kila mahali. Namba hiyo ni ya kisafisha moshi, ambacho gari hili halina. Injini hutoa nguvu zake nyingi kwenye 12.5 hadi 13, na hula kidogo kabisa kwenye 15 na ushee. Likiwa limesimama, kabureta moja inayolisha silinda nne kupitia manifoldi ya namna hii haigawi sawa, na ukibana hadi 14.7 kuna silinda moja itakuwa kwenye 16 na itamisi. Sensa inasoma mchanganyiko wa silinda zote nne kwa pamoja. Haijui ipi ina njaa. Nilipotoa plagi baada ya safari ya kwanza, namba 1 na 4 zilikuwa nyeupe kidogo kuliko 2 na 3, tofauti ambayo hakuna geji iliyokaa chini kwenye bomba ingeionyesha.

Siku ya pili tukapakia mawe kwenye pikapu, kama nusu ya mzigo wa nyanya, tukaenda hadi Ilula na kurudi. Kijana aliendesha, mimi nikishika daftari. Mwendo wa kilometa 70 kwa saa kwenye tambarare: 12.3. Pedali ikiwa hadi chini kwenye kilima: 11.2. Nilipuuza namba za sekunde ile ya kukanyaga ghafla na ya kuachia, kwa sababu moshi unachelewa kufika kwenye sensa na pampu ya kabureta ina tabia zake. Niliandika tu zilizokaa sekunde tano.

Kabureta sasa ilikuwa nzima, na bado ilikuwa inalisha kupita kiasi. Sababu haikuwa ubovu. Ni mahali tunapoishi.

Kabureta inapima ujazo wa hewa, haipimi uzito wake. Hapa Iringa hewa ina uzito kama asilimia 86 ya ile ya pwani. Hewa nyepesi inavuta petroli kwa nguvu ndogo zaidi, lakini petroli haipungui kwa kiasi kilekile. Inapungua kwa kipeuo cha pili tu, yaani inabaki kama asilimia 93 wakati hewa imebaki 86. Kwa hiyo kabureta iliyopimwa kwa usawa wa bahari, ukiileta huku, namba yake inashuka kwa karibu asilimia 7. Zaidi ya hapo, mvuto wa injini wenyewe ni mdogo huku juu, kwa hiyo kile kiwambo cha mpira kinaachia mapema na kuongeza mafuta ambayo mzee hakuyaomba.

Jeti inapitisha mafuta kulingana na eneo la tundu lake. Kutoka 125 hadi 120, eneo linapungua kwa asilimia 8. Hesabu ilisema 12.3 itakuwa 13.3. Jeti ya 120 haikuwepo mjini, na kuiagiza kungechukua wiki. Nilikuwa na jeti nyingine ya Zenith kutoka kwenye kabureta iliyokufa. Niliijaza solda, nikaitoboa kwa kijikeekee cha milimita 1.20 nikikizungusha kwa vidole, si kwa mashine. Jeti ya asili niliiacha bila kuigusa.

Safari ileile, mawe yaleyale: 13.4 kwenye tambarare, 12.2 kwenye kilima. Nilirudia mara mbili kwa sababu sikuamini hesabu kuangukia karibu hivyo.

Kilichobaki kilinikosesha raha kuliko vyote. Mzee haishi Iringa tu. Mzigo wake unashuka. Jeti inayofaa huku juu inaweza kuwa ndogo mno Chalinze, na injini yenye mafuta machache, imebeba mzigo, kwenye joto la pwani, inaweza kugonga na kutoboa pistoni. Kwa hesabu ileile, 12.2 ya Iringa ingefika kama 13.2 usawa wa bahari. Huo ni ukingoni. Nilimweleza mzee hivyo bila kumficha, nikamwomba nisafiri naye safari ya kwanza yenye mzigo. Hakusita. "Twende fundi, ukalione mwenyewe."

Tuliondoka alfajiri. Namba zilianza kupanda tulipomaliza kushuka Kitonga: kwenye mwendo wa kawaida 13.4 ikawa 13.9 pale Ruaha Mbuyuni, ikatulia hapo Mikumi hadi Morogoro. Kati ya Chalinze na Kibaha nilisoma 14.2, na kwenye vilima, pedali hadi chini, 12.9. Ilikuwa nafuu kuliko hesabu, na nadhani ni joto: hewa ya moto ya pwani ni nyepesi kuliko ile ya kwenye vitabu, kwa hiyo haikupunguza mafuta kama nilivyohofia. Nilikuwa nimetega sikio njia nzima. Haikugonga. Pale Morogoro nilitoa plagi ya 1, ile yenye njaa kuliko wenzake, na ilikuwa rangi ya karanga zilizokaangwa kidogo. Ingekuwa nyeupe na yenye madoa yanayong'aa, ningerudisha 125 palepale kando ya barabara, nilikuwa nayo mfukoni.

Kurudi, gari lilikuwa na mifuko ya mbolea na mabati. Chini ya Kitonga, kwa gia ya pili, pedali hadi chini, 12.8. Tulipokuwa tunapinda kona za juu, malori yamepangana mbele yetu, ilikuwa 12.3, na mshale wa joto ulikuwa umesimama palepale. Mzee hakusema neno mpaka tulipofika juu. Kisha akagusa gia, akanionyesha kwamba bado ni ya pili.

Tulijaza tanki Dar na tukajaza tena Iringa. Lita moja ilikuwa imeenda kilometa 5.9, na sehemu kubwa ya safari hiyo ilikuwa ya kupanda.

Geji niliitoa, ni ya kwangu. Kwenye nati niliyochomelea nimefunga kizibo cha uzi wa milimita 18, nimekipaka grisi ya shaba ili kifunguke. Jeti ya 125 iko kwenye mfuko wa plastiki ndani ya sanduku la dashibodi, pamoja na oringi moja ya akiba na karatasi yenye namba zote nilizosoma, Ilula hadi Kibaha. Mzee atarudi baada ya mavuno ya vitunguu, kwa sababu nataka kuitazama plagi ya 1 tena na kuusugua ule uso wa kibloku kama umeanza kupinda.